Kabla Masimango Hayajahamia Kwenu: Mwongozo kwa Wanandoa Walio Ugenini, Vijana kwa Wazee

Maneno yenyewe yalikuwa matatu: "Nani alikuleta huku?" Nilimwambia mke wangu jioni moja, mwaka wetu wa tatu ugenini, baada ya yeye kunisahihishia barua niliyoiandika kwa lugha ya wenyeji. Alikuwa amenizidi lugha, na barua yangu kweli ilijaa makosa. Mtoto wetu, wakati huo ana miaka 7, alikuwa mezani akifanya kazi za shule, na nakumbuka jinsi penseli yake ilivyosimama. Mke wangu hakujibu. Aliinuka akaenda kuosha kikombe ambacho tayari kilikuwa safi. Nami, badala ya kumwomba radhi, nilinuna siku 11.

Sikumgusa hata kwa kidole, na kwa muda mrefu hilo lilinitosha kujiita mume mwema.

Sasa ni miaka 14 nafanya kazi ya ukalimani. Nakaa kiti cha pembeni, wanandoa upande huu, mshauri au mwanasheria au daktari upande ule, na natafsiri kila kinachosemwa, tusi likibaki tusi. Nina daftari dogo ambalo siandiki jina la mtu. Humo huandika maneno yaliyonishinda kutafsiri. La kwanza kabisa ni "masimango". Lugha ninayoitafsiria haina neno moja la kulibeba, hivyo kila mara hulazimika kueleza: ni kumkumbusha mtu wema uliomtendea ili ajione mdogo mbele yako. Katika ndoa za wahamiaji hilo ndilo jeraha ninalolisikia mara nyingi kuliko yote, kwa sababu karibu kila ndoa ya namna hii ina mmoja aliyetangulia na mwingine aliyefuata.

Naandika kwa ajili ya wanandoa wenyewe, na kwa yule ndugu au rafiki anayepigiwa simu usiku wa manane akiulizwa afanye nini. Sizungumzii ngumi hapa. Nazungumzia maneno, ukimya, vitisho na udhibiti, na jinsi umri wa wanandoa unavyobadilisha kitu cha kuangalia.

Jua unachokitafuta

Watafiti wengi wanaopima ukatili wa kisaikolojia kati ya wapenzi hutumia dodoso lililoanzishwa na Mmarekani Murray Straus mwaka 1979, likafanyiwa marekebisho mwaka 1996. Ndani yake kuna ngazi mbili. Ya chini ni kutukana, kufoka, kutoka chumbani kwa kishindo katikati ya ugomvi, na kusema jambo kwa nia ya kumkomoa mwenzio. Ya juu ni kumkashifu kwa umbo au sura yake, kuharibu kitu chake, kumdhalilisha kuhusu tendo la ndoa, na kumtishia kumpiga.

Dodoso hilo limesaidia sana, lakini lilitungwa kwa watu wote. Halimuulizi mhamiaji nani ameshika pasipoti yake. Halimuulizi kama amewahi kuambiwa, "Nikipiga simu moja tu, utarudishwa." Kwa hiyo ukilitumia kujipima mwenyewe, liongezee hayo mawili.

Halafu tenganisha ugomvi na utawala. Mwanasosholojia Michael Johnson, mwaka 1995, alisisitiza kwamba kuna wanandoa wanaofanyiana ukatili pale ugomvi unapowazidi, na kuna wanandoa ambamo mmoja amejenga mfumo wa kumtawala mwenzake. Mwaka 2007 Evan Stark aliueleza mfumo huo kwa urefu: kumtenga mtu na watu wake, kumpangia saa, kumhesabia fedha, kumfuatilia kila aendako. Mimi hupima kwa swali moja. Je, wote wawili wanaweza kusema "hapana" nyumbani kwao na wakalala salama? Ikiwa mmoja hawezi, huo si ugomvi tena, na mwongozo wa nusu ya kwanza ya makala haya haumtoshi. Aruke hadi kwenye sehemu ya mwisho.

Hesabu funguo kabla ya kuhesabu matusi

Watu huja kwa mshauri wakiwa na orodha ya nani alimwambia nani nini. Ni haki yao. Lakini nimesikia ushauri ukizunguka miezi mizima kwenye maneno, huku chanzo kimelala kwenye droo iliyofungwa. Maneno makali hupata nguvu kutoka kwa kitu ambacho msemaji amekishika. Kwa hiyo chukueni karatasi, muandike nani ameshika nini kati ya hivi, ambavyo mimi huviita funguo: makaratasi ya ukaazi, lugha, fedha, usafiri, simu za ndugu walio nyumbani, na masikio ya watoto.

Makaratasi yawe ya kwanza. Katika nchi nyingi anayekuja kwa viza ya mwenzi huishi kwa kibali kilichofungwa kwenye ndoa hiyo kwa muda fulani. Mwenye uraia au ukaazi wa kudumu anaweza asiwe na nia mbaya hata chembe, lakini siku ya hasira anajua, na mwenzake anajua, kwamba upande mmoja una mlango na mwingine hauna. Kanada iliwahi kumwekea mwenzi aliyedhaminiwa sharti la kuishi miaka 2 na mdhamini wake. Mwaka 2017 iliondoa sharti hilo, na sababu mojawapo ilikuwa hofu kwamba linawafunga watu kwenye ndoa zenye ukatili.

Mkimaliza karatasi yenu, angalieni upande upi umejaa. Ukiona funguo zote ziko kwa mmoja, msisubiri tusi. Hamisheni kitu wiki hiyo hiyo: kila mtu ashike pasipoti yake, kila mtu awe na nakala ya barua zote zinazomhusu, na kila mtu ajue neno la siri la akaunti ya maombi yake ya kibali. Mimi na mke wangu tulifanya hivyo mwaka wetu wa nne. Alipoziweka karatasi zake kwenye mkoba wake mwenyewe, nilihisi kitu kikinichoma kifuani, na ndipo nilipotambua kwamba nilikuwa nimezishika kwa sababu isiyokuwa ulinzi.

Wanandoa vijana

Tafiti nyingi zinakubaliana kwamba kufokeana na kutukanana hutokea zaidi kwa wanandoa vijana, na hupungua umri unavyosonga. Vijana hawajajifunza kugombana, na ugenini hakuna shangazi wala mjomba wa chumba cha pili anayesikia sauti ikipanda akaja kugonga mlango.

Kwa kundi hili kifaa cha kuangalia ni simu. Wengi walichumbiana wakiwa nchi mbili tofauti, wakazoea kuripotiana kila saa kwa sababu umbali ulidai hivyo. Wanapokutana chini ya paa moja, mazoea yale hayaondoki. "Nitumie picha ulipo" iliyokuwa dalili ya mapenzi inageuka kuwa ulinzi wa mahabusu. Nilimtafsiria kijana mmoja wa kike aliyekuwa akituma mahali alipo kila baada ya nusu saa, hadi akiwa darasa la lugha. Alipochelewa mara mbili, mumewe alimfungia programu ya kuongea na mama yake. Yeye mwenyewe hakuiita hali hiyo ukatili. Aliniuliza, baada ya mshauri kutoka nje, "Si ni wivu wa kawaida?"

Fanyeni hivi. Ndani ya miezi ya kwanza ya kuishi pamoja, kaeni mkubaliane kwamba kufuatiliana mahali kumekwisha, na neno la siri la simu ni la mwenye simu. Mwenye kukataa aeleze anachokiogopa, kwa maneno yake, siyo kwa kudai simu. Na yule aliyewasili karibuni apate marafiki wake mwenyewe, ambao hawakuanza kuwa marafiki wa mwenzake. Hili la mwisho wengi hulipuuza. Mgeni ambaye kila anayemjua alimjua kupitia mume au mke wake hana wa kumweleza.

Mimba ya kwanza ugenini nayo ni wakati wa kuangaliwa kwa jicho la karibu. Usingizi unapungua, mama mtarajiwa hana ndugu wa kike karibu, fedha zinabana, na mmoja au wote wawili wanafanya kazi za zamu. Mwambieni mkunga ukweli anapouliza mambo ya nyumbani. Katika nchi nyingi anauliza kwa sababu kazi yake inamtaka aulize.

Walio katikati ya maisha

Hapa ndipo ninapokaa muda mrefu zaidi, kazini na moyoni.

Mtu wa miaka 35 au 48 hahami mikono mitupu. Anahama na cheo. Alikuwa mwalimu, muuguzi, fundi mwenye wanafunzi, mtu anayesalimiwa kwanza. Kisha anafika mahali ambapo cheti chake hakitambuliwi, na kazi anayopata ni ya kubeba au kusafisha usiku. Mwenzake, mara nyingi mke, anapata kazi haraka kwenye malezi ya wazee au huduma, na pamoja na kazi anapata lugha. Ndani ya miaka 2 nyumba imepinduka bila mtu yeyote kuamua. Aliyekuwa akitoa hela sasa anaomba. Aliyekuwa akiuliza njia sasa anaonyesha.

Tafiti za wahamiaji hurudia jambo hili: hatari haitokani tu na umaskini, inatokana na mabadiliko ya nani ana uwezo kuliko nani, hasa pale ambapo mmoja anaamini uwezo huo ulikuwa haki yake. Aliyeshuka hutafuta mahali pa kupanda, na mahali rahisi kuliko pote ni juu ya mwenzake. Anakejeli matamshi yake. Anamwambia amejifanya mwenyeji. Au anafanya kama nilivyofanya mimi, anakumbusha nauli ya ndege. Na aliyepanda naye hukosea, nimetafsiri wanawake wakiwaambia waume zao mbele ya watoto, "Wewe huwezi hata kusoma barua ya umeme." Hilo nalo ni dhuluma, na siwezi kulipunguza kwa sababu ya jinsia ya msemaji.

Mwanasaikolojia wa Kanada John Berry alieleza njia nne ambazo mhamiaji hupita: kushika ya kwao na ya ugenini kwa pamoja, kuacha ya kwao, kukataa ya ugenini, au kupoteza yote mawili. Jambo ambalo wanandoa hawajui ni kwamba si lazima wapite njia moja. Mmoja anaweza kuwa anakimbilia mbele na mwingine anarudi nyuma, na kila mmoja akaona mwenzake amesaliti. Basi acheni kubishana juu ya nguo, marafiki au jinsi ya kuwalea watoto kana kwamba ni mambo matatu. Ulizaneni swali lililo chini yake: "Unaogopa tutapoteza nini?" Muulizane mkiwa mmeshiba na mmelala, siyo saa mmoja anatoka zamu na mwingine anaingia.

Kisha mwondoeni mtoto katikati. Watoto hupata lugha kwanza, na wazazi huwageuza wakalimani wa hospitali, benki na ofisi ya uhamiaji. Mtoto anayetafsiri barua ya deni anajua siri ambayo baba alitaka kumficha mama. Anaanza kuchagua upande, na mzazi aliyeachwa hutafuta wa kumlaumu. Ombeni mkalimani. Katika hospitali na mahakama za nchi nyingi ni haki yenu, na mara nyingi bila malipo. Tena asiwe ndugu, na asiwe rafiki wa mwenzako.

Fedha ya kutuma nyumbani nayo iwekwe mezani. Si kosa kutuma. Kosa ni kutuma kwa siri, kwa sababu siri ikifumuka hakuna anayegombania fedha tena. Wanagombania nani ana ndugu wa maana. Kaeni mara moja kwa mwezi, kila mmoja aseme anataka kumtumia nani na kiasi gani, kiandikwe. Ombi la ghafla lisubiri hadi kesho yake. Ndugu anayepiga simu usiku akilia anastahili huruma, lakini uamuzi uliofanywa na mmoja saa hiyo utalipiwa na wawili.

Na ugomvi ukishawaka? Mtafiti John Gottman, aliyewapima wanandoa mapigo ya moyo wakiwa wanabishana, anasema mapigo yakipita 100 kwa dakika mtu hasikii tena vizuri anachoambiwa, na mwili unahitaji angalau dakika 20 kutulia. Kwa hiyo ondokeni. Lakini anayeondoka aseme saa ya kurudi: "Nipe nusu saa, nitarudi tuendelee." Kutaja saa ndiko kunakotofautisha kupumzika na kununa. Siku zangu 11 hazikuwa na saa ya kurudi, na mke wangu aliniambia baadaye kwamba kila asubuhi alisikiliza hatua zangu ili ajue leo ataishi vipi.

Wazee

Kuna dhana kwamba wanandoa wazee wametulia. Wengi wametulia kweli. Lakini kupungua kwa kelele si lazima kuwe amani. Wakati mwingine ni mtu mmoja aliyeacha kujibu miaka 20 iliyopita. Mzee huyu hatasema ananyanyaswa. Atasema, "Ndivyo alivyo." Ukimhoji mbele ya mwenzake hatasema hata hilo.

Wapo waliozeekea ugenini, na kwao ugomvi mkubwa ni wa kurudi. Waliahidiana kwamba wakistaafu watarudi nyumbani. Sasa mmoja ana wajukuu hapa, ana daktari wake, ana kaburi la mtoto hapa. Mwingine ameshajenga kule. Anayekataa anaitwa msaliti kila siku kwa miaka. Mkianza kukaribia kustaafu, msijadili "kurudi au kubaki". Jadilini miezi: mingapi huku, mingapi kule, nani atamuuguza nani na wapi. Pigeni hesabu ya pensheni kwa kila njia, kwa sababu malipo mengine hukoma au hupungua mtu akikaa nje muda mrefu.

Wapo pia walioletwa na watoto wao wakiwa tayari wazee. Hawana lugha, hawaendeshi gari, mchana kutwa wawili wamefungiwa na televisheni wasiyoielewa. Hata ndoa njema hukwaruzana humo ndani. Ninyi watoto mliowaleta, wapeni kila mmoja safari yake ya wiki, peke yake: mmoja kwenye ibada, mwingine kwenye kikundi cha wazee au mazoezi. Na msimfanye baba kuwa msemaji wa mama.

Jambo moja nalisisitiza kwa herufi zote. Mzee aliyekuwa mpole akageuka ghafla kuwa mkali, mwenye kushuku, mwenye kutoa matusi ambayo hakuwahi kuyatoa, apelekwe kwa daktari kabla ya kupelekwa kwa wasuluhishi. Magonjwa ya kupoteza kumbukumbu yanaweza kuanza kwa mabadiliko ya tabia, na aina moja, inayoshambulia sehemu za mbele na pembeni za ubongo, mara nyingi huwapata watu wa kati ya miaka 45 na 65. Maambukizi, dawa na sonona pia hubadilisha tabia. Masikio yakififia mtu hufoka bila kujua anafoka. Nilikuwa kwenye kikao ambapo watoto walitaka wazazi watengane; kifaa cha kusaidia kusikia kilimaliza nusu ya ugomvi ule. Nusu nyingine haikuisha, na walitengana vyumba, wakaishi vizuri zaidi.

Yanayopita kwenye umri wote

Pombe. Utoto uliojaa vipigo. Kumbukumbu za vita au za safari mbaya ambazo hazijapata matibabu. Upweke. Haya huongeza hatari kwa kijana na kwa mzee sawasawa, na hayamsamehe mtu. Aliyeteswa njiani anastahili tiba, na mke wake anastahili kutotukanwa wakati tiba ikiendelea.

Ikiwa ni utawala

Usiende ushauri wa pamoja. Nimekaa kwenye vikao ambapo mmoja alisema ukweli mbele ya mtesi wake, na nikaona kwa macho yangu alivyoogopa kutoka mlangoni. Omba kuonwa peke yako, na omba mkalimani asiyetoka kwenye mduara wenu. Mkalimani wa kwenye simu ni salama zaidi.

Usiamini sheria unayosimuliwa na anayekutisha. England na Wales zilifanya utawala wa namna hii kuwa kosa la jinai kwa sheria ya mwaka 2015, adhabu ikifika kifungo cha miaka 5. Scotland na Ireland zilifuata kwa sheria za mwaka 2018. Marekani, tangu mwaka 1994, mume au mke anayetendewa ukatili na raia au mkaazi wa kudumu anaweza kujiombea ukaazi mwenyewe bila mwenzake kujua, na ukatili huo si lazima uwe wa kupigwa. Uingereza nayo ina njia ya ukaazi kwa aliye kwenye viza ya mwenzi ambaye ndoa yake imevunjwa na ukatili. Mkataba wa Istanbul wa mwaka 2011, unaopinga ukatili dhidi ya wanawake na ukatili wa nyumbani na unaozibana nchi nyingi za Ulaya, unazungumzia kibali cha mwathirika katika kifungu cha 59. Masharti hutofautiana, hivyo muone mwanasheria wa uhamiaji kabla ya kutia saini au kuondoka nchini.

Namba za msaada zipo: Marekani 1-800-799-7233, Uingereza 0808 2000 247, Ujerumani 116 016, Ufaransa 3919. Piga kwa simu ya mtu mwingine ukiweza, au ufute namba baada ya kupiga, na ukianza kuongea taja kwanza lugha unayoitaka.

Na wewe unayepigiwa simu usiku: usianze na "vumilia", wala "mwache". Muulize kama yuko peke yake chumbani na anaweza kuongea. Kisha muulize makaratasi yake yako wapi, na nani mwingine ana nakala. Kama hakuna, mwambie akupigie picha kila ukurasa, uzihifadhi wewe, na usimwambie mtu.